Kila Mbatizwa Ana Wito Wake

Dominika ya Nne ya Pasaka: Jumapili ya Mchungaji Mwema



Leo ni Dominika ya Nne ya Pasaka, ambayo tumezoea kuiita Jumapili ya Mchungaji Mwema. Tangu mwaka 1964, kwa agizo la Papa Paulo wa Sita, Kanisa lote duniani husali siku hii kwa ajili ya miito. Katika makanisa yetu, kuanzia Kanisa Kuu la Sumbawanga hadi vigango vya bonde la Rukwa huko Kaoze, waamini wanahimizwa kuwaombea vijana ili wajibu sauti ya Mungu, waingie seminarini na katika nyumba za kitawa. Sala hiyo ni njema, tena ni ya lazima, kwa kuwa mavuno ni mengi na watenda kazi hawatoshi.

Hata hivyo, ndugu wapendwa, tusipokuwa waangalifu siku hii inaweza kutupotosha. Mkulima wa mpunga ambaye hakusoma Seminari ya Kaengesa, mama wa watoto sita, kijana anayevua samaki katika Ziwa Rukwa, wote hawa huketi kanisani wakajiambia kimoyomoyo kwamba maneno ya leo hayawahusu. Wanaombea wito wa watu wengine kana kwamba wao wenyewe hawana. Nao huondoka kanisani wakiwa watazamaji wa Ukristo, si wenye Ukristo.

Kwa hiyo leo napenda tueleweshane jambo moja tu: hakuna mbatizwa asiye na wito. Tutatazama kwanza Kanisa linafundisha nini, kisha mtu mmoja aliyeishi wito wake papa hapa katika nchi yetu, na mwisho tujiulize tunautambuaje wito wetu na unatudai nini nyumbani na kijijini.

Wito ni nini?

Katika Injili ya Yohane, sura ya kumi, Bwana wetu anasema kwamba mchungaji huwaita kondoo wake mmoja mmoja kwa majina, nao huifahamu sauti yake na kumfuata. Tuangalie vizuri: hasemi kwamba anawaita baadhi yao na kuwaacha wengine zizini. Wote wanaitwa, na kila mmoja anaitwa kwa jina lake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotangazwa tarehe 21 Novemba 1964, uliweka sura nzima, yaani sura ya tano, kufundisha kwamba wakristo wote wanaitwa kwenye utakatifu, wawe mapadre, watawa au walei. Hakuna utakatifu wa daraja la kwanza kwa wenye kanzu na wa daraja la pili kwa wenye jembe. Utakatifu ni mmoja, njia za kuuendea ndizo nyingi.

Basi tunaweza kusema kwamba wito una ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni wito wa kuwa mtu: Mungu ametuita tuwepo, akatupa uhai na akili. Ngazi ya pili ni wito wa kuwa mkristo: kwa Ubatizo tumeitwa kuwa watoto wa Mungu, na kwa Kipaimara tumetumwa kumshuhudia. Ngazi ya tatu ni wito wa pekee wa kila mmoja: ndoa, upadre, utawa, au maisha ya useja kwa ajili ya huduma, na ndani ya hayo, kazi fulani, mahali fulani, kwa watu fulani. Wengi wetu twazungumza juu ya ngazi ya tatu tu. Lakini nyumba haianzwi kujengwa juu ya paa. Padre asiyeishi ubatizo wake ni kengele ivumayo, na mume asiyeishi ubatizo wake ni hivyo hivyo.

Daktari wa Karema

Ili tusibaki katika maneno matupu, twende Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Leo Karema imo katika Jimbo la Mpanda, lililoanzishwa mwaka 2000. Lakini wazee wanajua kwamba hapo ndipo mizizi ya Ukatoliki wetu ilipo. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tuliwaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa kituo hicho mwaka 1885, na jimbo letu lenyewe liliitwa Jimbo la Karema hadi mwaka 1969, makao yake yalipohamia Sumbawanga.

Hapo Karema alifika mwaka 1889 kijana mmoja Mwafrika aitwaye Adrien Atiman. Hakuwa padre wala mtawa. Hakuwa Mfipa, Mbende wala Mtongwe. Alizaliwa mbali sana, kando ya Mto Niger karibu na Timbuktu, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa kama mbuzi sokoni. Huko Algeria wamisionari walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha, naye akabatizwa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa geni. Aliona kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe. Tena alitaka baadhi ya vijana waliokombolewa wasomee udaktari, waoe, wakae kati ya watu, watibu na kufundisha dini. Waliitwa makatekista-madaktari. Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1881 alipelekwa Malta, akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho hadi mwaka 1888, kisha akashika safari ndefu ya kuja bara.

Ndugu wasikilizaji, hesabuni wenyewe. Alifika Karema mwaka 1889, akafariki hapo hapo Karema mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 mahali pamoja. Alifika biashara ya watumwa ikiwa bado inaunguza nchi hizi. Aliuona utawala wa Wajerumani ukija na ukiondoka, akauona wa Waingereza, akafa miaka mitano tu kabla ya Uhuru wetu. Tawala zilipita, naye aliendelea kufunga vidonda. Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padre. Mwaka 1946 maisha yake, kama alivyoyasimulia mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Na hapa Sumbawanga hospitali ya jimbo inaitwa kwa jina lake, ingawa wengi wanaoingia mlangoni hawajui kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuwa mtumwa.

Katika familia hiyo moja tunaona mambo mawili. Baba alikuwa mlei mwenye ndoa, mwana alikuwa padre. Tungesema ni nani kati yao aliyekuwa na wito? Wote wawili. Tena, kwa kadiri mwanadamu awezavyo kuona, wito wa mwana ulichipua katika udongo wa wito wa baba na mama. Jimbo linaloomba mapadre bila kujali ndoa za waamini wake linaomba mavuno bila kulima shamba.

Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, katika nchi ya Kongo, alikuwapo mtu mwingine ambaye jina lake litawagusa wasikilizaji wetu wa kata ya Kaoze: Padre Stefano Kaoze, Mtabwa. Yeye aliitwa kwa njia nyingine. Alisoma miaka mingi, na tarehe 21 Julai 1917 akapewa daraja ya upadre na Askofu Victor Roelens huko Baudouinville, akawa padre mzalendo wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Alifariki mwaka 1951. Mmoja alitumwa kwa sindano na dawa, mwingine kwa kikombe na mkate. Sauti iliyowaita ni moja.

Tunautambuaje wito wetu?

Wengi huuliza: "Padre, nitajuaje kwamba ni Mungu anayeniita?" Mungu hatumi barua yenye muhuri. Hata kijana Samweli, tunavyosoma katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya tatu, aliitwa mara tatu akadhani ni mzee Eli. Ziko alama za kutusaidia. Nitazitaja nne.

Alama ya kwanza ni shida ya watu iliyo mbele ya macho yako. Mungu huita mara nyingi kwa sauti ya mwenye haja. Mahali unapoona watu wanaumia, na moyo wako hauwezi kupita kando, hapo simama usikilize. Atiman alikuwa amejua utumwa katika mwili wake mwenyewe, na alipelekwa katika nchi iliyojeruhiwa na utumwa. Hatusemi kwamba Mungu alipenda atekwe. Uovu ni uovu. Lakini Mungu anaweza kuyatumia hata majeraha tuliyotiwa na wengine yawe njia ya kuwahudumia wengine. Mama aliyefiwa na mtoto anajua namna ya kukaa na mama mwingine aliyefiwa, kuliko mhubiri yeyote.

Alama ya pili ni kipaji pamoja na utayari wa kujifunza. Haitoshi kusema, "Nina moyo wa kusaidia." Atiman alisoma miaka saba kabla ya kugusa mgonjwa wa Karema. Mwenye wito wa ualimu asome, mwenye wito wa ndoa ahudhurie mafundisho ya ndoa, mwenye wito wa ukatekista akubali kwenda kufundishwa hata kama anaijua Katekisimu kwa moyo.

Alama ya tatu ni uthibitisho wa Kanisa. Samweli alimhitaji Eli amwonyeshe namna ya kujibu. Hakuna anayejiita mwenyewe. Paroko, wazazi, wazee wa kigango, wanajumuiya wenzako, hao wanakujua. Wanapokuambia kwa pamoja kwamba kazi hii inakufaa, au haikufai, sikiliza. Anayekataa kushauriwa na wote, akidai kwamba Roho anazungumza naye peke yake, ajihadhari asije akawa anaisikia sauti yake mwenyewe.

Alama ya nne ni kudumu. Wazee wetu Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Mpaka leo katika uwanda wa juu wa Ufipa yapo mabaki ya matanuru yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu. Lakini mawe ya chuma yaliyoyeyushwa katika ilungu hayakutoka yakiwa jembe. Yalichukuliwa tena, yakatiwa katika tanuru ndogo ya pili na kupulizwa kwa mivukuto ili takataka zitoke, kisha yakapelekwa kwa mhunzi akayafua kwa nyundo. Hivyo ndivyo na wito. Siku ya ndoa au ya daraja ni tanuru la kwanza tu. Baadaye huja miaka ya ugonjwa, ukata, uchovu na kutoelewana, na ndipo takataka zetu hutoka. Anayekimbia tanuru la pili hubaki jiwe, wala hawi jembe.

Kuishi kwa namna ya pekee

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi. Mtu aliyeitwa anaishije tofauti na wengine?

Yupo mwandishi mkristo wa karne ya pili, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliyemwandikia mtu aitwaye Diogneto. Alimweleza kwamba wakristo hawatengwi na watu wengine kwa nchi, wala lugha, wala mavazi. Wanakaa katika miji ile ile, wanakula chakula kile kile. Lakini mwenendo wao unawashangaza jirani zao. Maneno hayo yanatufaa sana. Sisi tunaweza kujitofautisha kwa sare za kitenge, kwa rozari shingoni na kwa vyeo vya kamati. Hayo si mabaya, ila hayo peke yake hayamshangazi jirani yeyote. Nitatoa mifano miwili ya mambo yanayotokea kwetu.

Mfano wa kwanza ni wa soko. Wakati wa mavuno, mkulima anauza mahindi au mpunga, na mnunuzi anadai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Wapo wanunuzi wakristo wanaofanya hivyo, nao wapo wakulima wakristo wanaolipiza kwa kuchanganya mchanga na mawe katika nafaka. Jumapili wote wawili wanatakiana amani. Mkristo mwenye kupima kwa haki atapata hasara, hilo tusilifiche. Atapoteza shilingi, na pengine ataitwa mjinga. Lakini kijiji kizima kitajua kwamba yupo mtu mmoja ambaye gunia lake halihitaji kufunguliwa na kukaguliwa. Hiyo nayo ni mahubiri, tena watu huyakumbuka kuliko haya ya redioni.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Ufipa imewajua kamchape kwa miongo mingi. Wataalamu wameandika juu yao tangu miaka ya 1960. Vifo vinapofuatana kijijini, au watoto wanapougua, baadhi ya watu huanza kuchangishana fedha ili kumwita mtu wa kufichua wachawi. Hapo mkristo hubanwa. Asiyechanga hudhaniwa kwamba anaogopa kufichuliwa. Anayechanga amesaidia kulipia hukumu ya mtu asiye na hatia, na mara nyingi mtu huyo ni bibi mjane, mzee asiye na wa kumtetea, ambaye macho yake mekundu yametokana na moshi wa jiko la kuni.

Ndugu zangu, hapa ndipo Ukristo wetu unapopimwa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Lakini sisi hatuhitaji kusubiri polisi wapande magari na kushuka bondeni. Ubatizo wetu umetuambia zamani kwamba tumeikataa kazi ya Shetani na fahari zake zote. Kwa hiyo mkristo asichange. Tena, kutochanga peke yake hakutoshi. Aende akakae uani kwa yule bibi anayenyoshewa kidole, aonekane na watu. Amchukue mtoto mgonjwa ampeleke zahanati. Awaambie ndugu zake kwa upole kwamba malaria, kipindupindu na homa ya mapafu havitibiwi kwa kumfukuza jirani.

Hapo ndipo namkumbuka tena daktari wa Karema. Kazi ya daktari, mgonjwa anapoletwa, ni kutafuta ugonjwa ili autibu. Kazi ya mpiga ramli ni kutafuta adui ili amtaje. Mkristo anapaswa kuchagua atakuwa mwanafunzi wa yupi. Atiman alikuwa na sababu nyingi za kutafuta adui: alikuwa ameibiwa utoto wake, wazazi wake na nchi yake. Lakini maisha yake aliyatumia kutafuta magonjwa ya watu wengine na kuyatibu. Huko ndiko kuishi kwa namna ya pekee, bila tarumbeta.

Neno kwa makatekista

Kabla sijamaliza, napenda kusema neno na ninyi makatekista wa vigango. Mnaongoza ibada za Dominika padre anapokosekana, mnafundisha wakatekumeni, mnazika wafu, mnawapelekea wagonjwa faraja. Masika yanapokata barabara za kushuka bondeni, kwa majuma kadhaa ninyi ndio sauti pekee ya Kanisa inayosikika. Na mara nyingi malipo yenu ni debe la mahindi, au ni shukrani tu.

Jueni kwamba hamfanyi kazi ya kuziba pengo la padre. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 785, inawataja makatekista kuwa ni walei waliofundishwa ipasavyo na wenye maisha bora ya kikristo, wanaojitoa kulieneza fundisho la Injili. Na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya kudumu katika Kanisa. Basi msijidharau. Nanyi waamini, msimwache katekista wenu alime peke yake shamba lake huku akiwalimia ninyi shamba la Bwana. Mkimsaidia siku moja tu ya palizi, mmeungana naye katika wito wake.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

Juma hili, mkutanapo katika jumuiya, jiulizeni maswali haya matatu. Ni shida gani ya watu katika kijiji chetu ambayo tumeizoea mno hata hatuioni tena kuwa ni sauti ya Mungu? Je, yupo kati yetu kijana ambaye tumeona dalili za wito ndani yake, nasi hatujamwambia neno? Na iwapo kesho mchango wa kamchape utapita mlangoni petu, tumeafikiana tutajibu nini, na nani atakwenda kukaa na yule atakayetajwa?

Swali hili la mwisho msilipite haraka. Mtu mmoja mmoja huogopa, lakini jumuiya nzima ikisimama pamoja, hofu hupungua. Afadhali jibu lipatikane leo tukiwa watulivu, kuliko kulitafuta usiku ule ngoma zitakapokuwa zinalia.

Ee Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, wewe unamjua kila mmoja wetu kwa jina. Utujalie kuisikia sauti yako katika kazi na shida za kila siku, na utupe mapadre, watawa, wazazi na makatekista wenye kudumu katika wito wao. Na Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.